Kulabu ya Kiti cha Nyuma

Leo, nilipokunja kiti cha nyuma ili nipakie maharagwe, zulia la gari lilitoa harufu ya jibini iliyolowa.

Gari la Papa lilinuka hivyo hivyo, maana alibeba jibini kutoka Kirolirwe. Asubuhi ile Mama alipozidiwa na ugonjwa, nikiwa bado mtoto, Papa alikunja kiti cha nyuma, akakisimamisha, akakifunga kwa kulabu. Akaivuta mara mbili.

"Ukisahau kuvuta, kiti kitamuangukia muntu kwenye mulima," akaniambia.

Tukatandika godoro, Mama akalala, nami nikamshika mkono uliokuwa wa moto mpaka hospitalini, kando ya ziwa.

Walipomwingiza ndani, Papa hakutulia. Alitoa godoro, akarudisha kiti mahali pake, akakipangusa vumbi kwa kofia yake.

"Wakati wa kurudia Mama ataikala hapa, pa dirisha," akasema. "Weye utaikala katikati."

Nilikaa katikati palepale nikala muhogo, na upande wa dirisha sikuugusa, hata kwa makombo.

Mchana muuguzi alitoka, akasimama karibu na gari. "Pole sana, Papa," akasema.

Papa akajibu, "Aksanti, dada." Kisha akaniomba nishuke. Akakunja kiti tena, polepole, akatandika godoro. Akavuta kulabu mara mbili. Akabaki ameishika, halafu akauchukua mkono wangu akauweka juu yake.

"Vuta na weye," akasema. "Kisimuangukie."