Mimba Niliyopewa na Majirani

Mimba yangu ya pili niliipata kwa majirani. Mume hakuhusika, na mimi mwenyewe sikuwa na habari nayo mpaka asubuhi ile mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mwanamke aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza sokoni, aliponipa hongera huku akinitazama kiunoni. Mwanangu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Nikamwuliza hongera ya nini. Akacheka, akageuza maandazi yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na tulikaa Kariakoo katika nyumba ya mama mkwe wangu, karibu na soko kiasi kwamba harufu ya papa mkavu iliingia mpaka ndani ya chandarua. Nyumba ilikuwa kama zote za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua mmoja ambamo kila mtu alipika, alifua na kusikiliza ya mwenzake. Watu husifu maisha ya namna hiyo, wakasema tuliishi kama ndugu. Mimi siyasifu. Katika ua ule hata kukohoa kwako kulikuwa na mwenyewe wa kukueleza sababu yake.

Nilipoolewa nilikuwa mwembamba, kanga nikijifunga inazunguka na kubaki. Baada ya kuzaa mwili haukurudi. Nyonga zilipanuka, matiti yalishuka, miguu ilikataa viatu vya harusi, na tumbo likabaki pale mbele kama mgeni asiyeaga. Nikisimama lilitokeza. Nikilala chali lilizama katikati, ukawa mfereji kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, na mkono ukiupitisha unaingia. Siku hizi wanasema nyama za tumbo huachana ili mtoto apate nafasi, na kwa wanawake wengine hazirudiani upesi. Wakati ule sikuambiwa na mtu. Nilijua tu kwamba ninaona aibu kuoga mchana.

Nilijifungua Buguruni, siku zile bado mashamba, kwa mama yangu, maana desturi ni mzaliwa wa kwanza azaliwe kwa kina mama yake. Mama alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele, akanifunga mkaja, lile shuka refu ambalo mzazi huzungushiwa tumboni ili tumbo lirudi. Alikuwa akilikaza kwa goti. Nilivaa mkaja ule arobaini nzima, nikila uji wa pilipili manga na kupumua nusunusu. Lakini niliporudi Kariakoo, mama mkwe alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema mkaja wa shamba ndio huo, umefunga hewa. Nilikuwa nimefundwa kwamba mkwe hajibiwi. Nilimchukia tangu siku hiyo, na chuki yenyewe haikuwa ndogo.

Sasa hiyo mimba ya majirani ilianzia kwa mume wangu. Alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye kibaraza cha duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Idi ilikuwa inakaribia, na gauni langu la sikukuu halikunipita hata mabegani. Mume akanipima, akasonya, akasema gauni limekuwa la mtu na nusu. Angeweza kulifanyia kazi chumbani. Hakufanya hivyo. Alilipeleka kibarazani, akalifumua ubavuni mbele ya wateja, na kila aliyeuliza ni la nani alijibiwa ni la mke wa fundi. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikwisha kuniona nina mimba.

Ingekuwa kicheko tu, kama mwanangu asingeshikwa na homa. Alikuwa akiota meno, akakonda kidogo, akalialia. Hapo ndipo neno lilipotoka, na kila mama wa pwani analijua: mtoto amebemendwa. Maana yake wazazi wamelala pamoja mtoto akiwa bado ziwani, mama ameshika mimba, maziwa yameharibika, na mtoto anadhoofu kwa sababu ya tamaa yao. Hakuna tusi baya zaidi kwa mwanamke anayenyonyesha. Damu yangu ya mwezi ilikuwa haijarudi, kama ilivyo kwa wengi wanaonyonyesha, na hilo nalo likafanywa ushahidi.

Mama mkwe alikuja chumbani kwangu, akambeba mtoto, akatoka naye. Alisema hatanyonya tena maziwa ya mimba. Akawa analala naye chumbani kwake, akimpa uji wa mtama na maziwa ya mbuzi. Tumbo la mtoto lilikataa. Akaanza kuhara. Nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta, na kila akilia maziwa yangu yalitiririka mpaka kanga ikalowa. Nilikuwa nikienda msalani kuyakamua ukutani, matiti yakiniuma kama majipu. Kadiri mtoto alivyozidi kuhara ndivyo mama mkwe alivyozidi kuamini kwamba ubaya ni wangu. Na mimi nilikuwa nikimwona mwanangu anakwisha.

Nilimwomba mume aseme kweli. Kweli yenyewe ilikuwa rahisi. Tangu nirudi kutoka Buguruni hatukulala kitanda kimoja hata mara moja, kwa amri ya mama yake huyohuyo, aliyemtandikia chumba cha mbele mpaka mtoto atakapotembea, eti asije akambemenda. Nilidhani akilisema hilo mambo yatakwisha na nitarudishiwa mtoto.

Alilisema. Jioni moja mama yake alimwita uani, wapangaji wakiwa wamekaa kwenye majiko yao, akamwuliza kwa nini hakuweza kujizuia. Mume wangu akainamisha kichwa, akasema:

"Mama, mimi sijamgusa tangu ajifungue."

Hakuongeza kwamba kwa hiyo hakuna mimba. Aliacha neno lake likae pale, nami nikaona nyuso zikinigeukia moja moja, maana kama mume hajagusa na mimba ipo, basi mwenye mimba ni mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Alisema kweli tupu, na sijawahi kusikia uongo ulionidhuru kama kweli ile. Mama mkwe akaniita mzinzi, kwa sauti, mara mbili. Akasema Ijumaa baada ya sala ataitwa baba mdogo wa mume, nipewe talaka yangu niende zangu Buguruni, na mtoto atabaki kwa kina baba yake.

Siwezi kusema niliogopa talaka. Fundi yule angeweza kubaki na cherehani yake. Lakini mwanangu kubaki mikononi mwa yule mwanamke, na uji wake, kwangu ilikuwa sawa na kumzika.

Siku ya pili yake, alasiri, mama mkwe alikuwa uani akichambua mchele, mtoto amelala kwenye jamvi karibu yake. Mwenye maandazi alikuwepo, na wengine. Nilitoka chumbani, nikalala chali juu ya jamvi lile, nikafungua kanga. Tumbo lote likawa nje, na michirizi yake, na mfereji wake, tumbo nililokuwa nikilificha hata kwa mume. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwambia mama mkwe:

"Shika."

Akasema sina adabu. Nikasema adabu imekwisha jana, shika. Nikaukamata mkono wake na kuukandamiza chini ya kitovu, pale ambapo mimba ya kiasi kile ingekuwa ngumu kama dafu. Mkono ukazama. Nikaupandisha juu, ukazama tena, vidole vikaingia katikati ya nyama mbili zilizoachana. Hakuuvuta. Akapapasa kidogo kwa hiari yake, na mimi niliyekuwa namtazama usoni nikaona kwamba anapajua pale mahali.

Alikuwa amezaa watoto wengi kuliko mwanamke yeyote katika ua ule. Alikuwa akilifunga tumbo lake kwa kanga mbili, moja juu ya nyingine, na nilipomsaidia kuoga alipougua niliona sababu. Lilikuwa hilihili. Mwanamke yule alikuwa akitembea na tumbo kama langu miaka yote, na bado akaliita langu mimba.

"Halina kitu," akasema chinichini.

"Sema kwa sauti uliyoniitia mzinzi."

Mwenye maandazi aliacha kukanda unga. Mama mkwe alitazama mchele wake, kisha akasema kwa sauti kwamba mke wa mwanawe hana mimba, tumbo limelegea tu kwa uzazi. Hakuomba radhi. Alisema baba mdogo hana haja ya kuja tena Ijumaa, akarudia kuchambua.

Nikajifunga kanga, nikamchukua mwanangu, nikampa ziwa mbele yao wote. Alilishika, akavuta, akaliachia. Nikambadilishia la pili. Siku zile za kukamua ukutani zilikuwa zimepunguza maziwa, na yeye alikuwa amezoea kijiko. Alinigeuzia uso, akalia akimtazama bibi yake.

Mama mkwe akainuka, akaleta bakuli la uji, akaninyooshea. Nilitamani kulitupa ukutani. Nikalipokea, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa, nikamlisha kijiko kwa kijiko huku nikilia mbele ya watu. Maziwa yalirudi baadaye, kidogokidogo, na mwanangu akapona. Mama mkwe alikwisha kufa zamani, na nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Kumsamehe, sijamsamehe.