Injini Iliyokosa Moto Kila Jumamosi

Kitsao amekuwa fundi wa malori Mbaraki, hapa Mombasa, kwa miaka ishirini na sita, na hakuna dereva aliyewahi kupokea lori kutoka mikononi mwake likiwa na injini chafu. Akishamaliza kufunga, huiosha. Mafundi wengine hukurudishia lori lina grisi mpaka kwenye usukani. Yeye hukurudishia injini inayong'aa kama sufuria ya harusi. Mimi nauza vipuri Bondeni, na nikipata mteja mgumu nilikuwa nampeleka kwake makusudi, aione. Mtu akiona usafi habishani sana.

Alitoka kwao, ndani kabisa ya Bamba, na mikono mitupu. Akabeba magunia bandarini, kisha akajifunza dizeli kwa kuuliza, mpaka mafundi walipochoka na maswali wakamfundisha. Halewi, hagombani. Kosa lake lilikuwa moja, ahadi. Alimwahidi mama yake, Bi Sidi, kwamba siku moja atamfuata nyumbani kwa gari lake mwenyewe, na mama akaishika ahadi ile kama hati ya shamba.

Mwaka huu mguu wa mama ukavimba. Dada yake Kitsao, Purity, ndiye aliyekuwa akikaa naye. Akapiga simu: mguu umeanza kubadilika rangi, zahanati wameshindwa, wanasema aletwe hospitali kubwa Mombasa. Lakini mvua ilikuwa imeharibu njia ya kutoka Bamba kuingia kwao. Magari ya abiria hayafiki, ni pikipiki tu, na Bi Sidi alisema hapakiwi kwenye pikipiki kama gunia la makaa. Atatoka kwa gari la mwanawe, ama atakaa.

"Nitafutie gari la kuhimili tope, Fahmi," Kitsao akaniambia. "La bei ya mtu kama mimi."

Nikampatia Landrova ya zamani, bodi imara, magurudumu yote manne yanavuta. Bei yake ilikuwa rahisi kwa sababu ni ya petroli, inakunywa sana. Mwenyewe tulimkaba mpaka akatuachia jeki na tairi la akiba. Kitsao akaifungua, akaifunga, Ijumaa alasiri akaijaribu. Injini ikaimba. Akaiosha, akaifunika boneti.

Jumamosi alfajiri akaondoka. Kufika mwinuko wa Mazeras, injini ikaanza kukosa moto. Inavuta, inakata, inavuta, inapiga mshindo kwenye ekzosi. Akageuza. Huwezi kuingia kwenye tope na gari la namna ile, tena urudi nalo na mgonjwa nyuma.

Wiki ile akabadilisha plagi zote nne. Ijumaa, jua la alasiri, gari likaenda vizuri. Akaliosha. Jumamosi halikupita hata Changamwe.

"Panda gari la abiria ushuke Bamba," nikamwambia, "uchukue pikipiki, ukambebe mama yako atake asitake."

"Wewe humjui mama."

"Namjua sana. Ni wewe mtupu, ila yeye mbovu ni mguu, na wewe mbovu ni kichwa."

Akacheka. "Nipe waya za plagi, yakhe, wacha maneno."

"Nikukodishie gari la mtu, siku moja tu?"

"Nilimwambia gari langu."

Nikampa waya. Ningeweza kumshikilia zaidi, lakini mwenye duka hamkatazi mtu kununua. Kifuniko cha distribyuta, ile inayogawia plagi moto, pia nilimpa, kipya.

Jumamosi ya tatu hakuvuka hata Makupa kutoka kisiwani. Alipokuwa amerudi, amefungua boneti, Purity akapiga simu, kisha akampa mama. Nilikuwa nimesimama hapo, nikasikia.

"Gari limepona?" Bi Sidi akauliza.

"Linakaribia, mama."

"Mimi nimeshavaa."

Kitsao akaiweka simu mfukoni akaenda kuishika kabureta kwa mikono miwili, hakuifungua. Wiki nzima iliyofuata hakugusa lori la mtu. Alisafisha tangi, akapuliza mirija ya mafuta, akaipima koili inayozalisha moto mara tatu. "Mchana lina adabu zake," alisema, "asubuhi kama limerogwa."

Jumamosi ya nne, saa moja asubuhi, nikampelekea koili nyingine. Injini ilikuwa inawaka, inatetemeka kama mwenye homa. Akaizima nikainama kutazama.

Sokoni wananicheka kwa tabia yangu moja. Kabla sijanunua kipuri kikuukuu, nakiramba. Kisiwa hiki kinakula chuma, na ulimi hujua kabla ya jicho. Nikapitisha kidole juu ya kile kifuniko cha distribyuta nilichomuuzia mwenyewe. Kilikuwa kinang'aa, lakini kidole kilitoka na unyevu. Nikakiramba.

"Kitsao, injini unaiosha kwa maji gani?"

"Maji ya kisima. Mfereji umekauka tangu mwaka jana, wajua."

Hapa mjini maji ya visima ni ya chumvi. Tunafulia, tunapigia deki, ya kunywa tunanunua kwa mkokoteni. Mwaka mzima Kitsao aliosha malori kwa maji yale na hakuna lililodhurika, kwa sababu dizeli haina plagi wala waya za kupeleka moto. Petroli ni habari nyingine. Chumvi hubaki juu ya waya. Jua la mchana likaikausha usiione, alfajiri ikanyonya unyevu, na moto uliokuwa uende kwenye plagi ukatambaa juu ya ule unyevu ukapotelea kwenye chuma. Kila kipuri kipya alikitia chumvi kwa mkono wake, siku moja kabla ya safari.

Nilimweleza hivyo hivyo. Hakubisha. Alikaa kwenye bampa.

"Niliona si adabu mama apande gari chafu," akasema.

Tukanunua madumu mawili ya maji matamu, tukasuuza, tukafuta kila waya kwa kitambaa kikavu. Akawasha. Silinda zote nne. Nikapanda naye, kwa kuwa njia ya tope inataka mtu wa pili wa kusukuma.

Mazeras tulipanda kama tunateremka. Tulipoipita Mariakani simu ikalia. Akaegesha kando bila kuzima, akasikiliza, akasema "haya" mara tatu.

"Saa mbili," akaniambia. "Amefariki saa mbili."

Saa mbili tulikuwa bado tunafuta waya.  Akatia gia.

Tope la kwao lilifika kwenye ekseli, na gari lile lilipita bila kukohoa mara moja. Purity alikuja mpaka kwenye mlango wa dereva. Macho yake yalikuwa makavu.

"Lilikuwa na nini, kaka?"

Nimeuza vitu maisha yangu yote. Uongo mzuri nilikuwa nao tayari. Kitsao akanitangulia.

"Lilikuwa halina kitu. Nilikuwa naliharibu mimi, kwa kuliosha."

Purity alilitazama gari, tope mpaka kwenye vioo. Hakuelewa, na Kitsao akaanza kumweleza, chumvi, waya, unyevu, taratibu, kama anavyoeleza madereva. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mama alikaa juu ya kitanda Jumamosi zote nne, amevaa viatu.

Mwili ulikuwa upelekwe mochari, na gari lililokuwapo ni lile moja. Baba mdogo wao, mzee mfupi mwenye fimbo, akalizunguka mara mbili.

"Hili si ndilo lililokuwa likirudi njiani?" akauliza. "Litafika?"

Kitsao alimpita akaenda kufungua mlango wa nyuma. Nikajibu mimi, "Litafika," nikaenda kung'oa kiti cha nyuma.