Isale Lilitangulia Herufi

Nyumbani kwa kina Hilda, Kibosho, mtandao unapatikana mahali pamoja tu: kwenye ukuta wa banda la nguruwe. Ndiyo maana ofisi ya Hilda ilikuwa hapo. Kiti cha plastiki, stuli ya kuwekea laptop, na nguruwe wawili waliokuwa wakimsikia akigomba peke yake tangu asubuhi.

Kompyuta aliyokuwa akiitumia hasa haikuwepo hapo. Ilikuwa Moshi mjini, katika ofisi ya mzee Jaswant, mnunuzi wa kahawa. Hilda aliiona na kuiendesha kupitia laptop, kama mtu anayepika kwenye jiko la jirani kwa mwiko mrefu. Akibonyeza A Kibosho, A inatokea mjini. Hiyo ni siku mtandao ukiwa na akili zake. Siku nyingine unabonyeza A, unakwenda kumpa mama uji, ukirudi unaikuta imefika na ndugu zake kumi na mmoja.

Mama yake, Margareta, ndiye aliyekuwa sababu. Aliteleza kwenye migomba akavunjika nyonga, na Hilda akaomba afanyie kazi huku juu ili amuuguze. Mzee Jaswant alifikiri siku mbili.

"Sawa," akasema. "Lakini ukiharibu kitu kimoja tu, unashuka kila siku kama zamani. Mimi sitaki kompyuta yenye mizimu."

Basi Jumanne moja Hilda alikuwa akiandika majina ya wakulima thelathini na mmoja, ya kubandikwa kwenye mifuko yao ya kahawa. Saa nane wangekuja waonjaji wa kahawa, na mfuko usio na jina hauonjwi. Alipofika kwa Leodegar, wa mwisho, akakosea herufi. Akabonyeza kitufe cha kufutia. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akakishikilia kwa kidole kama anamminya kupe, mpaka akaona kwamba picha imeganda na simu yake haina mtandao hata chembe. Mnara ulikuwa umelala.

Alikwishajifunza kwamba mibonyezo haipotei. Inapanga foleni huko hewani, na njia ikifunguka inashuka yote kwa pamoja. Alifunga laptop, lakini wiki iliyopita alifunga hivyohivyo na herufi zikafika tu. Na programu ya mzee ni ya kizamani, ikifuta imefuta. Yaani kosa alikuwa ameshalifanya, ila lilikuwa bado halijatokea.

Mdogo wake, Tito, alikuwa akifunga madumu ya maziwa kwenye pikipiki. Hilda alikimbia mpakani mwa shamba, akakata jani la isale, lile ambalo Wachagga huombea radhi, akalipiga fundo.

"Mpelekee mzee. Mwambie namwomba msamaha."

"Umefanya nini, dada?"

"Bado. Linakuja. Halafu umwambie achomoe waya wa mtandao kwenye kompyuta."

"Nianze na lipi?"

Hilda akafikiri kama Mchagga aliyelelewa vizuri. "Isale kwanza. Utamwambiaje mtu mambo ya waya hujamwomba radhi?"

Mengine aliyajua jioni, Tito aliposimulia. Alifika, akanawa mikono, akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tito. Mama anaendeleaje?"

"Anakaa kitandani sasa."

"Na nyonga?"

Nyonga ikajadiliwa. Migomba ikajadiliwa, na mvua. Ndipo Tito akatoa isale kwa mikono miwili. Mzee Jaswant kazaliwa Moshi, na anajua kwamba isale halikataliwi. Akasimama kulipokea.

"Nani amekosa?"

"Hilda."

"Amekosa nini?"

"Bado, mzee."

Mzee akamtazama kidogo. "Haya. Nimesamehe."

"Ahsante. Sasa anasema uchomoe waya."

"Waya gani?"

Huko Kibosho mnara ukaamka. Kwenye kompyuta nyuma ya mzee, Leodegar akaliwa, kuanzia mkiani. Akafuata aliye juu yake, na aliye juu ya huyo. Mzee aligeuka na isale mkononi, mdomo wazi, na mpaka Tito anaupata waya chini ya meza walikuwa wamebaki wakulima tisa.

"Tito, ungeanza na waya."

"Dada alisema isale kwanza, mzee."

Mzee alivuta pumzi ya kugomba, akaliangalia jani, akaitoa pumzi bila maneno. Angefanyaje? Alikwishasamehe. Akauliza tu kama yale majina yameandikwa popote. Yalikuwa kwenye daftari, huko Kibosho kwenye banda la nguruwe. Tito akapanda, akashuka, na saa nane kasoro mifuko yote ilikuwa na majina kwa kalamu.

Hilda hakurudishwa mjini. Ila siku hizi daftari linashuka na maziwa kila asubuhi, na mzee Jaswant anachapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Ukimkuta Hilda kanisani, ukamuuliza kazi, atakwambia anafanya kwa mtandao.