Yoga ilivyonipeleka Mgeta kwa mjomba wa Zuhura

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki ni changu, sijatia chumvi, na wenyewe wamenipa ruhusa nikisimulie.

Nafundisha riadha watoto wa sekondari hapa Moro mjini. Mimi ni mtu wa Mara. Likumbukeni hilo, ndilo lililoniponza.

Nina binti mmoja, Zuhura, anakimbia mita 1500. Mazoezini wenzake wanaona mgongo wake tu. Siku ya mashindano, akifika kwenye mstari kifua kinambana, magoti yanatetemeka, na mbio zinamshinda kabla hazijaanza.

Nikaanza kuwafundisha yoga. Kwa asiyeijua: unanyoosha viungo taratibu huku unafuata pumzi yako. Ukitoa pumzi ndefu, moyo nao unapunguza kasi. Mwili ukizoea kutulia kwenye mkao mgumu, hofu ikija haikuti mlango wazi.

Niliomba ruhusa kwa baba yake. Akasema, "Mfundishe tu, mwalimu." Kwetu baba akishasema, kesi imefungwa.

Zuhura akaanza kubadilika. Nikaona mwaka huu tunatoboa.

Likizo ilipofika akaenda Mgeta kwa mjomba wake, kaka wa mama. Asubuhi akawa anafanya mazoezi uani, ameelekea jua linakochomoza. Jirani akaona. Habari ikamfikia mjomba kwamba mtoto wa Kiislamu anasujudia jua.

Baba akanipigia simu kinyonge: "Mwalimu, mjomba amekataa. Zuhura hakimbii tena."

"Si wewe ulikubali?"

"Mimi nilikubali. Lakini mtoto ni wa kwao."

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Mama yake Zuhura ni Mluguru, na Waluguru ukoo wanaufuata kwa mama. Miaka yote naishi hapa, na mwenye kauli sikuwahi kumpigia hata hodi.

Mashindano ya mkoa yalikuwa karibu. Nikapanda Fuso lililokuwa linarudi Mgeta kuchukua kabichi.

Mjomba nilimkuta anamwagilia karoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa jua?"

Nikaomba radhi kwa kutofika kwake mapema. Nikamwambia nilimuuliza baba.

"Shemeji?" Akacheka. "Shemeji ni mgeni kama wewe. Tofauti yenu yeye tumemwozesha."

Akamwita Zuhura afanye mbele yake. Binti akasimama wima, akaweka mkono tumboni, akavuta pumzi na kuitoa polepole. Mjomba akamsogelea.

"Hapo moyoni unasema nini?"

"Nahesabu tu, mjomba."

"Unahesabu nini?"

"Pumzi. Nikipoteza hesabu naanza upya."

"Na hilo jua?"

"Uani kwako kwingine kote kuna mbolea, nikigeukia huko navuta harufu."

Mjomba akageuka kuuangalia ua wake. Kweli, samadi ilikuwa imejaa, kipande safi kilikuwa cha upande wa jua tu.

"Haya. Kuhesabu si ibada," akasema. "Atakimbia. Ila nami nitakuja nione."

Akaja kweli, na kanzu yake ya Ijumaa. Tukakaa pamoja. Zuhura alipofika kwenye mstari nikaona magoti yameanza. Kisha mkono ukaenda tumboni, akafumba macho.

Nikageuka kumwambia mjomba, "Umeona?" Hakunisikia. Naye mkono ulikuwa tumboni, juu ya kanzu, midomo inahesabu.

Zuhura alimaliza wa pili. Alikuja kwetu anahema, anacheka. Mjomba akamshika kichwa, akasema, "Nilipoteza hesabu kwenye kona ya mwisho, mwanangu. Nikaanza upya."

Nilichojifunza: ukitaka kumtuliza mtoto, watulize na wenye mtoto, na kwanza uliza ni akina nani. Siku hizi mzazi akikubali, naongeza swali: "Na mjomba anasemaje?"

Makocha na walimu mlioko humu, huko kwenu mwenye kauli juu ya mtoto ni nani? Na mwenye kijana anayetetemeka kabla ya mechi aulize hapa hapa, nitamwelekeza polepole.