Mwenzake Amekaa, Yeye Amesimama

Katika uwanja wa ndege nchini Fiji, foleni ya abiria wa Auckland imefika mlangoni. Losalini Turagabeci, mpokea mizigo, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine. Kaunta yake haina kiti. Kampuni ya kandarasi iliyomwajiri iliondoa viti ili wafanyakazi waonekane wachangamfu.

Kwenye kaunta ya pili amekaa Mereoni, mtoto wa shangazi yake. Sare ni ileile, ila Mereoni ameajiriwa na shirika la ndege lenyewe. Ana kiti, ana chai, na likizo yake ina tiketi ya ndege. Kwa Wafiji, mabinamu wa namna hii ni watani.

"Nikuletee mkongojo, binamu?" anauliza Mereoni.

"Niletee hicho kiti. Mkongojo baki nao, utakufaa nikikukamata."

Wanacheka, lakini Losalini hafichi lake. "Namwonea wivu. Tulianza siku moja. Yeye akirudi nyumbani anapika, anaimba. Mimi nalala na viatu."

Wivu huo ungebaki wa nyumbani kama si mikeka ya abiria mmoja, Bibi Vasiti. Mwezi uliopita bibi huyo alikuwa akienda Auckland kumzika kaka yake, na Mfiji haendi msibani mikono mitupu, hupeleka mikeka. Losalini, hoi kwa kusimama, akafunga lebo ya Brisbane kwenye furushi la mikeka ya bibi.

"Zamani ningemuuliza, bibi, unamzika nani? Siku ile hata uso sikuinua."

Kaka akazikwa bila mkeka wa dada yake. Bibi akalalamika, Losalini akapewa onyo, na mwenye onyo haombi kazi ya kudumu ambayo shirika limeitangaza juzi.

Kwa hiyo Losalini alikwenda kwa bibi kuomba radhi na mzizi wa yaqona, mmea wa kinywaji cha heshima, kama desturi inavyotaka. Mkosaji hajisemei, hivyo Mereoni ndiye aliyemsemea. Bibi akausifu ulimi wa Mereoni, na Losalini anakiri kwamba hata hapo, akiwa ameinamisha kichwa, wivu ulimchoma.

Kisha bibi akaupokea mzizi. "Wewe nimekusamehe, mjukuu wangu. Hao wanaokusimamisha kutwa nzima, nao waje na mzizi wao."

Hawajaja. Lakini bibi ameondoa malalamiko, onyo limefutwa, na Jumatatu Losalini anakwenda kwenye usaili wa ile kazi ya kudumu.

"Nikiipata, nitakaa, nimtazame abiria usoni, nimuulize anakwenda kwa nani," anasema, kisha anamtupia jicho binamu yake. "Na kiti changu kiwe kirefu kuliko chake. Hata kwa kidole kimoja."