Kipimajoto na Mtori wa Mama

Katika miaka ile ya uhaba, wakati hata sabuni tuliipangia foleni, zahanati yetu ya Machame ilipokea agizo kutoka wilayani. Dawa za sindano zilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo nchi haikuwa nazo. Kwa hiyo sindano ya penisilini apewe mwenye homa tu, na homa ithibitishwe na kipimajoto. Nililitangaza mwenyewe kanisani, maana nilikuwa mwinjilisti, na niliona ni agizo la haki. Kabla ya hapo watu walidai sindano hata kwa kuumwa mgongo.

Akina mama hawakuchelewa kupata njia. Kipimajoto kiliwekwa chini ya ulimi, basi walikuja na chupa ya chai yenye mtori wa moto ndani, ile supu yetu nzito ya ndizi, wakanywa funda la mwisho nyuma ya zahanati kabla ya kuitwa.

Msimu wa baridi mama yangu akashikwa na kifua. Alikohoa huku amejishika mbavu, na pumzi ilikuwa fupi, lakini mwili wake ulikuwa baridi. Tulishuka polepole kati ya migomba hadi zahanati.

Jirani yetu mmoja alikuwa benchini na chupa yake ya chai.

"Mwinjilisti, umemleta bibi mikono mitupu? Mtori uko wapi?"

"Sisi hatudanganyi," nikasema.

"Nani anadanganya? Mtori ni chakula. Au huko kanisani mmeanza kufunga?"

Benchi zima likacheka. Mama hakuwa na pumzi ya kucheka.

Mganga wa zahanati, kijana aliyetoka mkoa mwingine, alimwamkia shikamoo, akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Kisha akampima joto. Alikisoma kile kipimajoto, akaenda dirishani akakisoma tena.

"Hakuna homa."

"Lakini kifua changu umekisikia, baba?"

"Nimekisikia, bibi. Ni nimonia. Wazee wengine haiwapandishi joto. Ila agizo linasema homa." Akanitazama mimi badala ya mama. "Bibi, umekula asubuhi?"

"Sijala."

"Basi nenda ukanywe mtori. Wa moto. Halafu urudi nikupime upya."

Mama alitii kwa moyo mweupe, akidhani ni sehemu ya matibabu. Jirani alimmiminia, na safari hii hakutania. Mama akashukuru Mungu kwa sauti, kama alivyofanya kabla ya kila chakula, akanywa. Kipimajoto kikapanda. Akachomwa sindano.

Nilisimama mlangoni. Nani alikuwa amedanganya? Mama hakujua. Mganga alijua ugonjwa, na dawa ilikwenda kwa mgonjwa wa kweli. Agizo lenyewe lilitaka dawa isipotee, na haikupotea. Hata hivyo sikuweza kusema kwamba tumefanya kweli.

Nyuma yetu akaingia mwanamke kijana na mtoto mchanga. Mtoto yule alikuwa anawaka homa bila mtori. Mganga alifungua kabati, akalitazama, akalifunga. Vichupa vilivyobaki vilitosha kumalizia dozi ya bibi tu, alisema, na dozi ikikatwa katikati ni sawa na kutotibu. Akawaelekeza hospitali ya Moshi mjini. Nilimwona mwanamke akimfunga mtoto mgongoni na kushika njia.

Tulipokuwa tunapanda, mama akasimama kupumzika.

"Mwanangu, yule mtoto ana homa na hakuchomwa. Mimi sina homa nikachomwa. Kwa nini?"

"Dawa imekwisha, mama."

"Imekwishia kwangu?"

Nilimshika mkono. Tuliendelea kupanda.

Mama alipona, akaishi miaka mingi. Habari za yule mtoto hatukuzipata. Mama yake hakuwa wa kijiji chetu. Kila jioni mama alimwombea, na tangu tulipomzika mama ninamwombea mimi. Naanza kwa kushukuru kwa ajili ya uhai wa mama, na nashukuru kweli. Kisha namfikia mtoto, na sijui niendelee na shukrani au niombe msamaha, wala kwa niaba ya nani. Basi nasema amina.