Nilichozika Busibwabo Si Mguu wa Mume Wangu

Admin, nifiche vizuri, shemeji zangu wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, Mteso wa hapa Malaba, nina watoto watatu. Nawauzia madereva wa malori chakula wakiwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Mume wangu, nitamwita Baba Ivy ingawa si jina lake, ni mtu wa Busibwabo, si kabila langu, na kabla ya ugonjwa alikuwa fundi wa magurudumu ya malori hayo hayo. Tulijuana hivyo, anakuja kula na mikono ya grisi, namfukuza akanawe kwanza.

Mwaka jana goti lake la kushoto lilivimba. Tulidhani ni jeki iliyomgonga. Tukakanda, tukapaka kila dawa, na mimi kwa mdomo wangu huu nikamwambia aache kudeka. Hilo neno linaniuma hadi leo. Tulipofika hospitali kubwa, mbali na huku, tukaambiwa ni kansa ya mfupa na mguu lazima ukatwe juu ya goti, la sivyo atakufa. Alikubali, lakini akanishika mkono akasema, "Mama Ivy, hii mguu ifike nyumbani. Izikwe kando ya baba yangu. Usiachie watu wa hospitali." Kwao kiungo cha mtu hakitupwi. Nikaapa.

Siku ya upasuaji nilikuwa peke yangu, gari la shemeji liliharibika njiani. Muuguzi, mama mpole sana, akaniuliza kama tutaubeba mguu au wauchome wao. Ndugu zangu, nilijaribu kujiona ndani ya gari la abiria na mguu wa mume wangu mapajani, nikashindwa. Nikatia sahihi uchomwe. Baba Ivy alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Nikamjibu, "Usijali, kesho naupeleka nyumbani." Uongo ulinitoka hata kabla sijaupanga.

Sasa ilibidi kitu kiende nyumbani kweli. Kesho yake nilirudi Malaba kuwaona watoto. Nyuma ya nyumba nikakata kipande cha shina la mgomba. Nilikipima kwa mikono tu, maana uzito wa mguu ule naujua, nimeuinua kitandani wiki nyingi. Nikakifunga kwa shuka, nikazungusha selotepu, nikakipeleka Busibwabo. Nikawaambia daktari amekataza kisifunguliwe. Shemeji alikuwa ameshachimba shimo, mama mkwe akaomba, tukafukia. Mume wangu nikamweleza kwamba niliufunga kwa mikono yangu. Akanishukuru hadi akalia. Nikajiona mjanja.

Ujanja wangu uliisha miezi miwili baadaye. Kijana wa jirani yao alizama ziwani na mwili haukuonekana. Nilienda mazishini kama mke wa boma. Nikaona wanaume wanatoka shambani na shina la mgomba limefungwa shuka, wanalilaza ndani ya jeneza, na wanawake wanalililia kwa jina la yule kijana. Nikamuuliza mama mkwe kwa sauti ya chini ni nini kile. Akanishangaa. "Si ndio yeye huyo? Mtu akikosa mwili, mgomba inazikwa kwa niaba yake. Hapo imeisha, ni marehemu." Kwetu sijawahi kuona jambo hilo. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi. Walidhani nina huruma sana.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mimi ni mtu wa kanisa, najiambia mgomba ni mgomba. Halafu namwangalia mume wangu anavyokonda na siamini maneno yangu mwenyewe.

Kisha yakaja haya maumivu. Alipomaliza kemo ya kwanza, zile dripu za dawa ya kansa, alianza kulia kwamba vidole vya mguu ambao haupo vimekunjana. Daktari akamweleza ni mishipa ya fahamu, inawapata wengi waliokatwa. Hakutaka kusikia. Aliniambia, "Mlizika hii mguu vibaya. Imejikunja huko chini, naskia kabisa. Ifukuliwe inyooshwe." Mama yake akamuunga mkono, kwamba wazee wa zamani walifanya hivyo na watu wakapona.

Ningeendelea kumpiga chenga, lakini kipimo cha mwisho kimeonyesha vidoa kwenye mapafu. Jumatatu anatakiwa kuanza kemo nyingine. Daktari aliniita kando akaniambia tusipoteze hata wiki moja. Baba Ivy amekataa katakata. Hatii mguu hospitali mpaka ule mwingine unyooshwe. Kwa hiyo Jumamosi, yaani keshokutwa, shemeji zangu wanakuja na majembe.

Nilifikiria kuwahi nikafukue kabla yao, lakini nitaweka nini badala yake? Nilifikiria kumwambia mchungaji, nikaogopa mke wake, hana siri. Nikimwambia mume wangu ukweli leo, atajua nilivunja kiapo, na kwamba kwa mila yao nimeshamzika. Mtu aliyebakiwa na nguvu kidogo namna ile, si atakata tamaa kabisa? Na nikinyamaza, atayaona mwenyewe mbele ya ukoo mzima.

Asubuhi hii nilikuwa namwogesha. Akaniambia taratibu, "Jumamosi wanaume wachimbe tu, wasiiguse. Ni wewe ulinifungia, ni wewe utanyoosha. Mkono yako ndio naamini." Nikamjibu sawa, nikaendelea kumpaka sabuni mgongoni ili asinione uso.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, mwanamume huyu nimwambieje ili Jumatatu akubali kwenda hospitali na mimi?